Utabiri Uliopita kama Shule ya Mtabiri: Matumizi ya Nyaraka za Utabiri wa Dhoruba Kali nchini Marekani

1.0 Utangulizi

Utabiri wa hali ya hewa ni miongoni mwa kauli chache za binadamu zinazotolewa hadharani, zikawekewa mahali na muda maalumu, kisha zikathibitishwa au kukanushwa na matukio yenyewe kabla ya jua la kesho kuchwa. Kwa sababu hiyo, utabiri uliopitwa na wakati haupotezi thamani yake. Ukihifadhiwa pamoja na saa ulipotolewa, maneno yaliyotumiwa na taarifa ya yaliyotokea baadaye, hugeuka kuwa hati ya kitaaluma: ushahidi wa jinsi akili ya mtu ilivyofikiri ilipokuwa bado haijui mwisho wa habari.

Makala haya yanakusudia kueleza namna hati za aina hiyo zinavyoweza kumsaidia mwanagenzi wa utabiri kunoa uwezo wake mwenyewe. Mfano uliochaguliwa ni utabiri wa dhoruba kali nchini Marekani. Nchi hiyo ndiyo inayopigwa na tonado nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na Kituo cha Utabiri wa Dhoruba kilichopo Norman, katika jimbo la Oklahoma, kimeweka wazi kwa umma ramani na maelezo ya utabiri wake wa kila siku tangu 2003, pamoja na orodha ya tonado zilizoripotiwa tangu 1950. Hoja inayotetewa ni nyembamba. Nyaraka hizo humfunza yule tu anayeandika utabiri wake kwanza, kabla ya kufunua utabiri wa mabingwa na kabla ya kujua kilichotokea. Anayezisoma kama asomavyo historia huongeza maarifa ya matukio, lakini stadi yake ya kutabiri hubaki pale pale. Na pengine hurudi nyuma, kwa kuwa hujiona anajua.

2.0 Istilahi

Kabla ya kuendelea, yafaa neno moja litenganishwe na jingine. Katika Kiswahili cha leo, kimbunga limebeba mizigo miwili. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilipotoa taarifa zake kuhusu Hidaya mwezi Mei 2024, kimbunga kilikuwa na maana ya dhoruba ya bahari za tropiki, yenye upana wa mamia ya kilometa na maisha ya siku kadhaa. Habari za Oklahoma zinapotafsiriwa, neno hilo hilo hutumiwa kwa nguzo ya upepo uzungukao kwa kasi kutoka kwenye wingu la radi hadi ardhini, ambayo mara nyingi huishi dakika chache tu na upana wake huhesabiwa kwa mita. Kisulisuli na chamchela ni maneno mazuri, ila humletea msikilizaji picha ya vumbi na majani makavu yanayozungushwa uwanjani, si ya nyumba iliyong'olewa msingini. Kwa hiyo makala haya yanatumia tonado. Nayo dhoruba kali, kwa kanuni ya Marekani, ni dhoruba ya radi inayoleta angalau kimojawapo kati ya tonado, upepo wa kasi ya kilometa 93 kwa saa au zaidi, na mvua ya mawe yenye kipenyo kisichopungua sentimeta 2.5.

Suala la neno si dogo kama linavyoweza kudhaniwa. Huko Marekani kwenyewe, watabiri wa serikali walizuiwa kulitumia neno tonado katika utabiri wao tangu miaka ya 1880 hadi 1938, kwa hofu kwamba lingewatia watu kiwewe. Mtabiri aliyeiona hatari alilazimika kuifunika kwa maneno ya jumla. Matokeo yake ni kwamba nyaraka za nusu karne hiyo ni karibu bubu kwa mtafiti wa tonado. Kauli isiyotaja jambo haiwezi kupimwa kwa jambo hilo, wala haiwezi kumfunza mtu.

3.0 Takwimu za Finley na wakosoaji wake

Katazo hilo lilitanguliwa na jaribio ambalo bado linafaa kufundishwa darasani. Mwaka 1884 John Finley, aliyekuwa katika Kikosi cha Ishara cha Jeshi la Marekani, alianza kutoa utabiri wa majaribio wa tonado kwa maeneo ya mashariki ya Milima ya Rocky. Takwimu zake zilizobaki katika kumbukumbu ni za utabiri 2,803. Mara 100 alisema kwamba tonado itatokea. Ikatokea mara 28, ikakosa kutokea mara 72. Mara 2,703 alisema kwamba haitatokea. Mara 2,680 haikutokea, na mara 23 ikatokea. Kwa kujumlisha 28 na 2,680, Finley alipata utabiri sahihi 2,708, sawa na asilimia 96.6.

Mwaka huo huo mwanajiolojia Grove Karl Gilbert aliichunguza hesabu hiyo na kuuonyesha udhaifu wake. Mtu ambaye angekaa kitako na kusema kila siku, kwa kila mahali, kwamba hakuna tonado, angekuwa sahihi mara 2,752 kati ya 2,803, yaani asilimia 98.2. Mzembe angempita mtaalamu. Kosa halikuwa la Finley kutabiri, bali lilikuwa katika kipimo, kwa sababu siku tulivu ni nyingi mno na hummeza mtu aliyejitahidi. Gilbert alipendekeza siku tulivu zilizotabiriwa kuwa tulivu ziachwe nje ya hesabu. Kwa kanuni yake, mafanikio ya Finley ni 28 kugawanywa kwa 123, yaani asilimia 22.8, na ya mzembe ni sifuri.

Msomaji wa isimu na fasihi atafurahi kujua kwamba mwingine aliyeingia katika mjadala huo mwaka 1884 alikuwa Charles Sanders Peirce, yule yule ambaye wanafunzi wa semiotiki humfahamu kwa nadharia yake ya ishara. Peirce alitaka tonado zilizotokea na siku zisizo na tonado zitazamwe kila moja kwa upande wake. Finley alizinasa tonado 28 kati ya 51, yaani asilimia 54.9, lakini katika nafasi 2,752 zisizo na tonado alipiga mbiu bure mara 72, yaani asilimia 2.6. Tofauti kati ya sehemu hizo mbili, yaani 52.3, ndiyo stadi yake. Vipimo vyote viwili vinatumika hadi leo, ingawa si kila avitumiaye hujua vilikotoka.

Takwimu hizi zinamhusu moja kwa moja anayetaka kujifunza kwa nyaraka. Kabla hajaandika utabiri wake wa kwanza, ni lazima aamue atajipimaje. Vinginevyo atajikuta, kama Finley, akijipa alama 96 kwa kazi ambayo mtu aliyelala usingizi angeifanya vizuri zaidi.

4.0 Siku tano za Tinker

Usiku wa tarehe 20 Machi 1948 tonado iliipiga kambi ya jeshi la anga ya Tinker, karibu na Oklahoma City, ikaharibu ndege na majengo kwa hasara ya takribani dola milioni 10. Utabiri wa jioni hiyo haukuwa umeonya juu ya dhoruba. Tume iliyoundwa iliamua kwamba tukio lile halikuweza kutabiriwa kwa maarifa ya wakati ule. Hata hivyo maofisa wawili wa hali ya hewa wa kambi hiyo, Meja Ernest Fawbush na Kapteni Robert Miller, waliagizwa wachunguze iwapo ipo njia. Walizikusanya ramani za siku za nyuma zilizozaa tonado, wakazipanga, wakatafuta kinachojirudia: hewa yenye unyevunyevu iliyotoka Ghuba ya Meksiko ikitambaa karibu na ardhi, hewa kavu juu yake, na mkondo wa upepo mkali juu zaidi, ukivuma kutoka upande tofauti na ule wa chini.

Asubuhi ya tarehe 25 Machi ramani iliyokuwa mbele yao ilifanana mno na ile ya siku tano zilizotangulia. Alasiri hiyo walitoa utabiri wa tonado kwa kambi yao. Ndege zilihifadhiwa na watu wakaondolewa mahali pa hatari. Ilipokaribia saa 12 jioni tonado ikaipiga kambi ile ile. Hasara ilikuwa ya takribani dola milioni 6, na hakuna aliyejeruhiwa.

Kisa hiki husimuliwa mara kwa mara kama ushindi wa nyaraka, nacho ni ushindi kweli. Ila ni muhimu kuulizwa nyaraka zilishinda nini. Ramani za zamani ziliwawezesha maofisa hao kutambua kwamba anga ya eneo zima ilikuwa ya hatari. Hazikuweza kuwaambia kwamba tonado ingepita juu ya uwanja wao wa ndege. Kwa tonado kulipiga eneo dogo kama lile mara mbili katika siku tano ni jambo la nadra kupindukia. Lau ingepita kilometa 30 kaskazini, hoja yao ingebaki nzuri kama ilivyokuwa, lakini huenda wangechekwa, na pengine kazi yao ingeishia hapo. Siku moja, iwe ya sifa au ya aibu, haitoshi kumhukumu mtabiri. Hili ndilo linalozifanya nyaraka ziwe na faida kubwa kuliko kumbukumbu za kichwani, maana kichwa cha mtu huhifadhi siku za ajabu na kuzisahau zile tulivu.

5.0 Kuandika kabla ya kufunua

Utaratibu wenyewe si mgumu kueleza. Mwanagenzi huchagua tarehe kwa kura, si kwa umaarufu wake. Hufungua vipimo vya asubuhi peke yake: vya puto zilizorushwa kupima joto, unyevunyevu na upepo wa tabaka za juu, na ramani ya hali ya hewa ya karibu na ardhi. Kisha huandika kwa kalamu eneo analolihofia, uwezekano kwa asilimia, sababu zake, na jambo hasa ambalo likionekana baadaye litamfanya aongeze au apunguze hofu yake. Hilo la mwisho mara nyingi huachwa, ilhali lina uzito kuliko yote. Baada ya hapo tu ndipo anapoufunua utabiri wa asubuhi wa Kituo cha Norman, akaulinganisha na wake, akaandika upya. Kituo hicho hutoa utabiri wa siku husika mara tano katika saa 24, na kila toleo lina maelezo ya sababu. Kwa hiyo mwanagenzi anaweza kwenda nao hatua kwa hatua. Taarifa za yaliyotokea hufunguliwa mwisho kabisa.

Ugumu umo katika kujizuia. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu wakishaelezwa matokeo ya jambo, huamini kuwa matokeo hayo yalikuwa na uwezekano mkubwa kuliko wanavyofikiri wale wasioelezwa. Na mbaya zaidi, hawatambui kwamba maelezo hayo yamewabadili. Aliyekwisha kujua kwamba mji fulani ulibomolewa huiona ramani ya asubuhi kama mtu asomaye barua aliyoiandika mwenyewe. Kila mshale wa upepo unamwelekeza huko.

Tarehe 3 Mei 1999 inafaa kuliko siku nyingi kulionyesha jambo hili. Ni ya kabla ya 2003, lakini mwenendo wa utabiri wake umeelezwa kwa kina katika maandishi ya wataalamu. Utabiri uliotolewa kabla ya mapambazuko uliliweka eneo la Oklahoma katika daraja la hatari ndogo, la chini kabisa kati ya madaraja matatu yaliyokuwapo. Saa 5 na robo asubuhi likapandishwa kuwa la hatari ya wastani, na saa 9 na dakika 49 alasiri likafikishwa daraja la juu. Saa 12 na dakika 23 jioni ilianza tonado iliyopita Bridge Creek na Moore hadi ndani ya vitongoji vya Oklahoma City, ikadumu dakika 85 na kuua watu 36.

Anayesoma taarifa hizi kuanzia mwisho huuliza kwa hasira: ilikuwaje wakasema hatari ni ndogo? Anayezisoma kuanzia mwanzo, kalamu mkononi, huona jambo jingine. Unyevunyevu ulikuwapo wa kutosha. Lakini programu za kompyuta za asubuhi hazikuonyesha upepo wa juu wenye nguvu ya kutisha. Mawingu mepesi ya juu yalikuwa yametanda, na yangeweza kuzuia jua kuipasha ardhi joto. Na katika mpaka wa hewa kavu na hewa nyevu, ambako dhoruba huzaliwa, pepo hazikuwa zikikutana kwa nguvu. Iliwezekana kabisa siku ikapita bila dhoruba yoyote. Kilichobadili mawazo ni vipimo halisi, hasa vya kifaa kilichokuwa Tucumcari, New Mexico, kinachopima upepo wa angani kikiwa ardhini. Vilionyesha mkondo wenye nguvu kuliko ule wa programu ukielekea Oklahoma.

Mwanagenzi aliyeandika asubuhi kwamba ataongeza hofu yake iwapo upepo wa magharibi utazidi makadirio, amejifunza kitu siku hiyo hata kama asilimia yake ilikuwa ndogo. Aliyeandika asilimia kubwa bila sababu amebahatika tu.

6.0 Asilimia, na neno huenda

Madaraja ya hatari yanaeleweka upesi na umma, lakini kwa mafunzo hayatoshi. Katika nyaraka za Norman chini ya kila daraja kuna asilimia, nayo ina maana mahsusi: uwezekano wa tukio kutokea ndani ya takribani kilometa 40 kutoka mahali fulani katika muda wa utabiri. Asilimia 10 ya tonado humwonekea asiyezoea kuwa kitu kidogo. Ikilinganishwa na siku ya kawaida mahali pale pale, ni tahadhari nzito.

Asilimia hupimwa kwa kanuni iliyotolewa na Glenn Brier mwaka 1950: tofauti kati ya uwezekano uliotajwa na kilichotokea (1 kwa kutokea, 0 kwa kutotokea) huzidishwa kwa yenyewe, kisha hutafutwa wastani. Alama ndogo ndiyo bora. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kuna siku 10, na tonado zilitokea katika siku 3. Mwanafunzi wa kwanza aliandika asilimia 30 kila siku. Alama yake ni 0.21. Wa pili alizitambua siku 5 za mashaka, ambamo zimo zote 3, akaziandikia 90, na nyingine 10, amepata 0.17. Wa tatu aliziona siku zile zile 5, ila akaziandikia 60, na nyingine 5. Alama yake ni 0.12. Wa pili na wa tatu wana jicho moja, lakini wa tatu amesema kiasi anachokijua na hakuzidisha. Kati ya siku zake 5 za asilimia 60, tatu zilitimia. Allan Murphy, katika makala yake ya 1993 kuhusu maana ya utabiri mzuri, aliuita ulinganifu wa kauli na imani ya mtabiri kuwa sehemu ya ubora wenyewe, mbali na usahihi na mbali na faida kwa mtumiaji.

Hapa Kiswahili kinaguswa. Huenda, yamkini, inatarajiwa na upo uwezekano ni maneno yenye heshima zake, lakini hayapimiki. Mwalimu akitaka kuthibitisha, awaombe wanafunzi waandike kimyakimya asilimia wanayoisikia katika huenda, kisha akusanye karatasi. Mwezi Aprili 2019 wakazi wa Mtwara walitahadharishwa kuhusu kimbunga Kenneth, nacho tarehe 25 kikatua Cabo Delgado, Msumbiji, kusini mwa mpaka. Kwa wengi mtaani swali lilikuwa kama watabiri wamekosea au la. Swali hilo halina jibu kwa tukio moja. Linaweza kujibiwa tu iwapo tahadhari za miaka mingi zimehifadhiwa kwa maneno yake kamili, na ndani yake kuna kiasi kinachohesabika.

7.0 Mitego ya nyaraka zenyewe

Nyaraka nazo hudanganya, kila moja kwa namna yake. Ramani nyingi za kihistoria zinazopatikana leo zilitengenezwa upya kwa kompyuta, zikaingiza vipimo ambavyo mtabiri wa siku ile hakuwa navyo wakati wa kuandika. Mwanagenzi anayezitumia anashindana na mtu aliyefungwa kitambaa machoni, kisha anajisifu kwa kuona. Madaraja nayo yamebadilika. Hadi 2014 yalikuwa matatu. Oktoba mwaka huo yakawa matano, kwa hiyo hatari ndogo ya 1999 si hatari ndogo ya 2020. Hesabu ya tonado tangu 1950 imeongezeka sana, na sehemu kubwa ya ongezeko ni tonado dhaifu ambazo zamani hazikuonwa na mtu wala rada. Mahali pasipo na watu wala barabara, tonado inaweza kupita bila kuandikwa, na mtabiri aliyekuwa sahihi akahesabiwa kuwa amekosea.

Mtego mkubwa kuliko hiyo ni uteuzi wa siku. Tarehe 20 Mei 2019 Kituo cha Norman kilitangaza daraja la juu kabisa, na asilimia 45 ya uwezekano wa tonado katika sehemu za Texas na Oklahoma. Shule nyingi za eneo la Oklahoma City zilifungwa. Tonado zilitokea, ila si ule mlipuko wa tonado kali uliohofiwa, na wataalamu wamejadiliana tangu hapo juu ya kilichozuia. Siku hiyo haina filamu za kutisha wala makumbusho, na kwa sababu hiyo wanagenzi wengi hawaifungui. Lakini asilimia 45 inakubali waziwazi kwamba jambo linaweza lisitokee, na aliyejizoeza kwa siku za maafa pekee hujifunza kwamba kila ramani yenye sura ile huishia kwenye maafa. Ndiyo maana kura hupendelewa kuliko orodha ya siku maarufu. Daftari la mazoezi lisipungue siku 100 kabla mtu hajaanza kujipa alama, na ndani yake siku ambazo hakuna kilichotokea ziwe nyingi, kama zilivyo katika kalenda.